Magari Hewa Mbele ya Mlimau wa Merv

Kama uliikosa sehemu ya wiki iliyopita, usijali, hukupitwa na heshima yangu. Haikuwepo.

Kwa ufupi, mimi ni Glenys Purtell, mjane wa miaka sitini na nne, na kazi yangu ni kuvusha watoto wa shule barabara hapa Dunmallow, ukingoni kabisa mwa Melbourne. Ng'ambo ya nyumba yangu kuna malisho ya farasi. Kampuni moja inataka kujenga nyumba mia sita na arobaini hapo, na kwenye mchoro wao lango la mtaa mpya linatazamana na mlango wangu. Makutano yakijengwa, bustani yangu ya mbele inaondoka.

Bustani yenyewe si ya kujivunia. Kuna nyasi, kuna bomba linalovuja, kuna mlimau. Lakini chini ya mlimau huo kuna majivu ya mume wangu Merv, na hapo ndipo penye ugomvi wote.

Merv aliukojolea mlimau ule kila jioni kwa miaka thelathini. Msikunje pua. Huku kwetu mwanaume mwenye mlimau asiyeukojolea huonekana hajui kilimo. Na malimau yalikuwa makubwa, majirani waliyala na kuyasifia. Alipofariki miaka mitatu iliyopita nikaona mahali pake ni pale pale. Kila asubuhi nasimama hapo na kikombe cha chai namsimulia habari za mtaa.

Sasa, kabla halmashauri haijatoa kibali, mradi lazima ukaguliwe kwa mambo mawili: mazingira na magari. Kwenye mazingira nilishajiaibisha, mnakumbuka. Nilificha simu yangu kwenye majani ya dimbwi la malisho, nikaweka mlio wa chura adimu ili mtaalamu wa mazingira amsikie na mradi usimame. Mtaalamu alimsikia. Akaandika kwamba chura wa aina hiyo hupatikana kilomita elfu mbili kaskazini mwetu, na kwamba aliacha kulia pale binti yangu alipopiga simu.

Yalibaki magari. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kivukoni na kibao changu cha SIMAMA, nikaona mwanaume amepiga magoti barabarani anapigilia misumari kwenye lami. Alikuwa analaza mipira miwili myeusi, myembamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwisho wa mipira kulikuwa na kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya umeme.

"Unamtega nani?" nikamuuliza.

Akacheka, akasimama taratibu kama mtu mwenye mgongo mbovu. Alikuwa mtu mzima, mpole, ndevu zimeanza mvi. Jina lake Nihal Amarasekera, mhandisi aliyepewa na halmashauri kazi ya kuhesabu magari ya barabara yetu.

"Namtega kila mtu, Bi...?"

"Glenys. Bi nilimwachia mama yangu."

"Sawa, Glenys. Gurudumu likikanyaga mpira, hewa inasukumwa mpaka kwenye kisanduku, mashine inaandika. Siku saba, usiku na mchana."

"Inajua ni gari la nani?"

"Haijui. Inajua ekseli tu, yaani jozi za magurudumu. Ekseli mbili, gari moja."

"Na gari moja likipita mara mia?"

Akanitazama kidogo. "Mashine itasema magari mia."

Mtu mwenye akili timamu angesema asante, akarudi kuvusha watoto. Mimi nilisema asante, nikarudi kuvusha watoto, lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza. Barabara ikionekana imejaa pomoni, nani atathubutu kuiongezea nyumba mia sita na arobaini? Watakataa mradi wenyewe kwa midomo yao. Nilijiona mjanja hata nikamsahau mtoto mmoja upande wa pili.

Saa tano nilikuwa jikoni kwa Carmel Zammit.

Carmel ni jirani yangu wa namba kumi na tisa, miaka sabini na mmoja, wazazi wake walitoka Malta, na kwa miaka ishirini na sita hatujawahi kufunga mlango baina yetu. Ndiye aliyeyamwaga majivu ya Merv siku ile, maana mimi sikuweza kulifungua kopo, nikamwachia nikaingia ndani kuchemsha chai. Rafiki wa namna hiyo hupewi wawili.

"Shoga, nina mpango," nikamwambia.

"Kuna chura ndani yake?"

"Hakuna."

"Basi kaa."

Nikamweleza. Carmel akakoroga chai yake muda mrefu, wakati najua hatii sukari.

"Kwa hiyo," akasema, "kadiri tutakavyopita mara nyingi, ndivyo barabara itakavyoonekana imejaa."

"Ndivyo."

"Na karavani yangu nikiifunga nyuma ya gari?"

Karavani ya Carmel ni kijumba cheupe cha magurudumu manne, kina kitanda na jiko. Aliinunua azunguke nayo nchi nzima kama wastaafu wengine, lakini ilikuwa haijawahi kutoka Dunmallow. Merv naye alitamani karavani maisha yake yote. Kila Krismasi aliniletea picha zake, na kila Krismasi nilimjibu, "Mwakani, Merv." Nikamjibu hivyo mpaka miaka ikamwishia.

"Karavani itahesabiwa kama lori," nikasema. "Carmel, wewe ni malaika."

"Mimi si malaika," akasema, akaondoa vikombe.

Nikadhani ni unyenyekevu.

Kufika jioni nilikuwa nimekusanya nyumba ishirini na mbili. Siwezi kuwaelezea wiki ile ilivyokuwa bila kucheka, na sina haki ya kucheka. Tulikuwa tunatoka kwenye nyumba zetu, tunakanyaga mipira, tunateremka hadi kipilefti, tunageuza, tunakanyaga mipira tena. Tukipishana kila mtu anainua kidole kimoja juu ya usukani, ndiyo salamu ya huku, halafu anaendelea kwenda kusikokuwa popote.

Mzee Desmond wa namba nane, ambaye leseni yake ilishachukuliwa kwa sababu ya macho, alipita na mashine yake ya kukatia nyasi, ile ya kukalia.

"Hiyo ina ekseli mbili?" nikamuuliza.

"Ina mbili na kiti kizuri," akasema. "Sogea, Glenys, unaleta foleni."

Mimi nilitumia pikapu ya Merv. Jumatano peke yake nilipita mara themanini na nne, nikapata kizunguzungu, nikakigonga kibao cha mtu anayeuza mayai. Carmel yeye hakuwa na papara. Kila siku saa nne asubuhi anafunga karavani, anazunguka polepole, uso mtulivu, mpaka saa sita. Nilimwona nikasema moyoni, huyu mwanamke anaupenda mlimau wangu kuliko mimi.

Jumapili Nihal alikuja kung'oa mipira yake. Tulikuwa tumemwandalia soseji kwenye mkate, bustanini kwangu, mtaa mzima umesimama unatabasamu. Alikula mbili. Alitutazama mmoja mmoja, akayatazama magari yetu yaliyopangwa ukingoni na injini zao bado za moto.

"Mtaa una shughuli nyingi," akasema.

"Sana," tukamjibu kwa pamoja, kama kwaya.

Ripoti ilikuja baada ya wiki tatu. Kurasa mia tatu na kumi na mbili. Nikazipita za mazingira haraka, chura wangu alikuwepo kwenye ukurasa wa tisini na sikutaka kuonana naye. Nikafika ukurasa wa mia mbili na nne: kwa wastani, magari elfu tatu mia nane na sitini kwa siku. Siku za kawaida hayafiki elfu mbili na mia moja.

Nikaanza kucheza jikoni. Kweli, nilicheza, katikati ya chupi zilizoanikwa.

Halafu nikafungua ukurasa wa mia mbili na tano.

Uliandikwa kwa lugha ya kistaarabu sana, kwa hiyo nilisoma mara tatu kabla haujanichoma. Barabara ya Tanner, ulisema, imeshazidiwa na magari yaliyopo. Inapitiwa na magari marefu yasiyo ya kawaida kwa mtaa wa makazi. Lazima ipanuliwe, nyumba mpya zijengwe zisijengwe. Upanuzi utachukua mita nne na nusu upande wa namba witiri.

Mimi ni namba kumi na saba.

Haikuishia hapo. Kampuni, kwa moyo mwema, imejitolea kuijenga hiyo barabara pana yenyewe. Kwa hiyo wakaguzi wanashauri ipewe kibali. Na kwa kuwa magari ni mengi hivyo, mvusha watoto aondolewe, ziwekwe taa.

Kwa wiki moja ya petroli nilikuwa nimeziruhusu nyumba mia sita na arobaini, nimepanua barabara, na nimejifukuza kazi. Nionyesheni mwanamke mwingine Dunmallow mwenye bidii kama hiyo.

Kesho yake mafundi wa vipimo wakapita, wakachomeka vigingi vyenye utepe wa pinki. Changu walikichomeka nyuma ya mlimau, upande wa nyumba. Nikakiangalia kile kigingi nikiwa na chai yangu mkononi. Mti ulikuwa umeshakuwa barabarani, haujaambiwa tu.

"Merv," nikasema, "usikasirike."

Siku hiyo hiyo, watoto walipokwisha vuka, Nihal akasimamisha gari lake kando ya kivuko.

"Glenys, naomba nikuulize kitu, na usinijibu kama hutaki."

"Uliza."

"Kwenye hesabu zangu kuna gari moja refu. Limepita mara mia na kumi kwa wiki moja. Kila siku kati ya saa nne na saa sita, kwa mwendo ule ule wa kilomita thelathini na mbili."

Nikakikazia macho kibao changu. Kilisema SIMAMA pande zote mbili.

"Kama unajua, mbona hukuandika?" nikasema.

"Najua, lakini sina ushahidi. Mimi naandika mashine ilichosoma. Ila Alhamisi kuna kikao cha hadhara. Mtu mmoja akisimama mbele ya mwenyekiti, akasema kwa jina lake kwamba hesabu ilichezewa, nitalazimika kuhesabu upya. Nitafurahi kuhesabu upya. Jina langu liko kwenye ile ripoti."

"Na mtu huyo atafanywaje?"

"Atachekwa," akasema. "Labda apewe onyo."

Kuchekwa nimezoea. Nilienda moja kwa moja kwa Carmel nimwambie tumepona.

Nilimkuta nje ya nyumba, anaisafisha karavani. Madirisha yote wazi, mapazia mapya, na kwenye ngazi kuna ramani ya nchi nzima imekunjuliwa na kushikiliwa kwa sufuria.

"Alhamisi natubu," nikamwambia. "Watahesabu upya. Mlimau umepona."

Hakugeuka. Aliendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Usifanye hivyo, Glenys."

"Sitataja jina lako."

"Siogopi jina. Umekipima kibaraza changu? Kiko mita mbili kutoka barabarani. Barabara ikija inakata kibaraza na chumba cha mbele. Hawawezi kunikatia nusu nyumba, wanainunua yote. Nimeshapiga simu."

Nilimwonea huruma kwa muda, mpaka nikaona anatabasamu.

"Carmel. Unafurahi?"

"Miaka miwili nyumba yangu imewekwa sokoni. Nani atanunua kibanda mbele ya mahali pa ujenzi? Magoti haya hayapandi tena zile ngazi. Kaka yangu Salvu, Mungu amrehemu, alijenga barabara miaka thelathini. Alikuwa akisema, magari yakihesabiwa machache hawakusogelei, yakihesabiwa mengi wanapanua."

Ilinichukua muda. Mimi ni mtu wa kuchukua muda.

"Kwa hiyo siku ile nakunywa chai yako nakueleza mpango wangu, ulikuwa unajua utaishia wapi."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nizunguke mara themanini na nne kwa siku."

"Ulikuwa na furaha," akasema. "Sijakuona na furaha namna ile tangu Merv afe."

Nilitaka kumpiga kwa kibao. Nawaambieni ukweli, niliinua kabisa. Miaka ishirini na sita ya chai, kumbe nyoka ninaye jikoni, na ni mimi niliyempa ramani.

"Nikinyamaza, mume wangu anamwagiwa lami," nikasema.

"Ni mti, Glenys."

"Ni Merv."

Akachukua ramani, akaikunja vibaya, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nina miaka sabini na mmoja," akasema. "Mimi sina mwakani."

Niliondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hatukusemeshana, na kwa watu wawili wanaotenganishwa na ua wa maua ya waridi hiyo ni kazi ngumu. Nilikuwa nikimsikia anakohoa. Nilijizuia kumpelekea asali.

Alhamisi ikafika. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi ukumbi wa skauti, umejaa mpaka mlangoni. Mwenyekiti alikuwa Bi Rowena Tisdall wa halmashauri, mwanamke mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Kila msemaji alipewa dakika tatu na saa kubwa ukutani inamhesabia. Nihal alikaa meza ya mbele na ripoti yake, hana raha.

Nilikuwa msemaji namba tisa. Nilikuja na sare yangu ya kazi ya rangi ya chungwa, maana niliona mtu akienda kutubu avae rasmi. Majirani zangu ishirini na wawili walikuwa safu ya nyuma wameinamisha vichwa. Mzee Desmond aliniinulia kidole. Nilikuwa nimewaahidi kwamba mzigo nitaubeba peke yangu.

Msemaji namba nane alikuwa analalamikia vumbi. Hapo nikasikia mtu anaketi kiti cha pembeni yangu akiguna kwa maumivu ya magoti. Nilijua ni nani bila kugeuka.

"Usiende pale," Carmel akaninong'oneza.

"Nyamaza."

"Glenys, nisikilize. Merv hayupo pale."

"Najua amekufa, Carmel, nilikuwepo."

"Hayupo chini ya mlimau."

Nikageuka. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili, na macho yamemwiva.

"Siku ile ulipoingia ndani kuchemsha chai," akasema, "sikuyamwaga majivu yake. Nilimwaga ya jiko lako la kuchomea nyama. Yalikuwa pale pale kwenye ndoo."

Nataka muelewe. Miaka mitatu, kila asubuhi, mvua na baridi, nimesimama pale na chai nikisimulia habari za mtaa. Nimeomba ushauri kuhusu binti yangu. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu nililia mpaka nikashika shina. Yote hayo niliyasimulia mabaki ya soseji.

"Yuko wapi mume wangu?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mtu wa mbele akageuka.

"Yuko salama."

"Wapi, Carmel?"

"Kwenye karavani. Kabatini, nyuma ya sahani."

Akili yangu ikaanza kupiga hesabu tena, nayo sijui kuizuia. Siku saba, saa nne hadi saa sita, kilomita thelathini na mbili.

"Ulikuwa unapita naye?"

"Mara zote."

Kwa hiyo mashine ya Nihal ilikuwa imemhesabu Merv Purtell mara mia na kumi, na kumwandika gari refu lisilo la kawaida kwa mtaa wa makazi.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Aliniomba mwenyewe, hospitali, wiki ile ya mwisho, ulipokwenda kumnunulia magazeti. Alisema, 'Glenys atanitia chini ya ule mlimau, namjua. Carmel, mti ule nimeukojolea miaka thelathini. Usikubali nikalale pale.'"

Hayo yalikuwa maneno ya Merv. Hakuna mwanamke duniani anayeweza kuyatunga. Nilimsikia kabisa akiyasema, na kicheko kikanipanda kifuani, kikatoka kilio.

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Alikuambia, shoga. Alikuambia kila Krismasi. Alitaka azungushwe nchi, aone ile bahari ya kaskazini. Niliahidi nitampeleka. Halafu nyumba haikununuliwa, na nitaondokaje? Miaka mitatu nimekaa na mume wako nyuma ya sahani zangu, sina ujasiri wa kukwambia."

Iliniuma. Mambo mengi nimewasimulia humu kwa kuyafanyia mzaha, hili sina mzaha wake. Mwanaume aliniomba kitu kimoja miaka yote ya ndoa, nikawa nampa tarehe. Alipoona tarehe zimemwishia akaenda kumwomba jirani.

"Namba tisa," mwenyekiti akaita. "Bi Glenys Purtell."

Nikasimama. Carmel akanishika mkono wa sare, akauachia.

Kutoka kiti changu hadi kwenye maiki ni hatua kama kumi na tano, na nilizipiga kama mtu anayevuka barabara bila kibao. Nikisema, wanahesabu upya. Barabara inabaki nyembamba, mlimau unabaki na majivu yake ya soseji, nami nabaki na kazi yangu. Lakini hapo nyumba ya Carmel hainunuliwi, karavani haiendi popote, na Merv anabaki nyuma ya sahani mpaka mmoja wetu afe.

Nikinyamaza, mti unang'olewa na nyumba mia sita na arobaini zinakuja. Na mume wangu anaondoka kuzunguka nchi ndani ya karavani niliyomnyima, pamoja na mwanamke aliyemkubalia papo hapo alipoombwa.

Nilifika. Maiki ilikuwa chini sana, nikaiinua ikalia. Nihal aliniangalia kwa matumaini ya mtu anayetaka jina lake lisafishwe.

"Jina na anwani, tafadhali," mwenyekiti akasema. "Dakika zako tatu zinaanza."

"Glenys Purtell, namba kumi na saba, Barabara ya Tanner," nikasema. "Nilikuja hapa kutubu jambo."

Kalamu ya Nihal ikagusa karatasi.

"Lakini kabla sijatubu nina swali, na si kwa mwenyekiti." Nikageuka. "Carmel, hiyo karavani yako ina vitanda vingapi?"

Mwenyekiti alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni. Watu mia mbili waligeuza shingo. Carmel, machozi yanamshuka waziwazi, akainua mkono wake kutoka kwenye mkoba.

Kidole kimoja, kama juu ya usukani: kitanda kimoja, na twende.

Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika mbili.